Ng'ombe wa Sakramenti Saba

Mwezi uliopita nilienda Mpanda kumsalimia Mama, na Jumapili akaniamsha mapema twende misa ya kwanza, kana kwamba bado nina miaka minane. Wakati wa komunyo, watu walipoanza kutoka kwenye mabenchi, msichana mmoja wa benchi letu mwenye kitoto kichanga mapajani hakuinuka. Alisogeza magoti upande ili tupite, akajifanya anamfunga mtoto kofia. Mama alipompita alimgusa bega, kisha akaingia kwenye mstari. Mimi, rafiki yangu, nilifika mbele nikiwa sijui hata nimemjibu nini padre, maana nilikuwa nimesharudi nyuma miaka mingi, kwenye benchi lingine, karibu na mama mwingine kijana aliyekuwa akisogeza magoti yake kila Jumapili.

Tulikaa Makanyagio, nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje, enzi ambazo Mpanda ilikuwa bado mkoa wa Rukwa, na Katavi lilikuwa jina la mbuga ya wanyama tu. Baba alikuwa muuza maziwa. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na Babu alikuwa na zizi lake upande wa Kabungu. Kila alfajiri Baba alipanda baiskeli kwenda huko kukamua, na jua likishapanda ungemsikia anarudi, madumu yanagongana nyuma, anapiga kengele kila mlango wenye mtu anayekunywa chai ya maziwa. Alinuka moshi wa zizini na samli. Mpaka leo nikinusa samli changa namwona anashuka kwenye baiskeli.

Mama alitoka Mpimbwe, kwenye mashamba ya mpunga, kwenye ukoo ambao Ukatoliki wao ulikuwa wa tangu babu wa babu. Alikuwa kijana sana. Leo nikiwaona wanawake wa umri aliokuwa nao wakati ule, wenye watoto watatu na ndoo kichwani, natamani niwapokee mizigo. Lakini Mama hakuwa mtu wa kuhurumiwa, maana alikuwa na ulevi wake, nao ulikuwa kusoma. Alisoma vitabu vya kuazima kwa masista, alisoma vya mwalimu jirani yetu, alisoma gazeti lililofungia migebuka, samaki wakavu wa ziwani kutoka Kapalamsenga, akilinyoosha kwanza kwa kiganja na kukung'uta magamba. Alisoma huku ananyonyesha, huku anakoroga uji, kitabu kimeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Uji ukiungua Baba alikunywa bila kulalamika na kusema leo tumekula ukurasa mgumu.

Sisi watoto tulilelewa ndani ya sauti hiyo. Jioni tukibangua karanga kwenye ungo, Mama alisoma kwa sauti, na pale penye utamu alinyamaza makusudi mpaka mtu aombe. Wanawake wa jirani walikuwa wakija na karanga zao wenyewe, wanasema wamefuata ungo mkubwa. Ungo walikuwa nao makwao. Jumuiya yetu ya kanisa ilipokutana kusali, iwe nyumbani kwetu au kwa mwenzetu yeyote, Biblia ilipitishwa mpaka mikononi mwake bila mtu kuuliza, na akisoma hata watoto wachanga walitulia.

Ila kanisani hakusoma. Hapo ndipo penye habari yangu.

Mama na Baba walikuwa wanaishi pamoja bila ndoa ya kanisa. Mahari ilishapelekwa, ng'ombe walishatembea kutoka Kabungu hadi Mpimbwe, watu walikula wakacheza, lakini Baba hakuwa amebatizwa, na altareni wao wenyewe walikuwa hawajafika. Kwa hiyo Mama alikuwa nje ya sakramenti. Hakupokea komunyo, na asiyepokea komunyo hakusimama mimbarini. Jumapili alikaa benchi la katikati na kumsikiliza msomaji, baba mmoja mnene mwenye koti, akikwaruzana na majina ya miji kwenye nyaraka za mitume. Kila jina lilipoharibika, Mama alinifinya mkono. Nilitoka misa nyingine nimevimba kwa ajili ya Wathesalonike.

Halafu ilikuja komunyo, na Mama alisogeza magoti. Hakuwahi kulia. Lakini mimi niliyekuwa nimebanwa ubavuni mwake nilijua kwamba wakati ule hakupumua vizuri mpaka watu wote warudi wakae. Bibi, mama yake, kila alipokuja kututembelea alisema neno lilelile: "Ng'ombe wamefika kwetu. Mungu hajafika kwenu." Mama alijibu ndiyo mama, akaendelea kupepeta.

Usidhani Baba alikuwa hataki. Alitaka. Alishaingia mafundisho mwaka uliotangulia, akakaa na wakatekumeni wenzake, watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, chini ya katekista mmoja mwenye rula ndefu, na ilipokaribia Pasaka padre akaja kuwauliza mmoja mmoja. Baba hakwenda shule hata siku moja. Utoto wake wote ulikwenda machungani. Wenzake walienda nyumbani na kijitabu cha mafundisho, wakasoma. Yeye alimeza majibu kwa mdomo na yakachanganyika tumboni. Padre alimuuliza amri za Mungu, akaitaja ya kuwaheshimu baba na mama mara tatu, akaishiwa. Alirudi nyumbani akaegemeza baiskeli ukutani na kusema, "Mama watoto, Mungu wenu anataka watu wa shule." Mama alimwekea ugali, na kwa siku kadhaa hakufungua kitabu chochote. Hilo lilinitisha kuliko ugomvi.

Sasa sikiliza lilivyoanza jambo lenyewe. Mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimeanza, tulikuwa uani jioni, karanga zinabanguliwa, na Baba anatupa habari za zizini kama kawaida yake. Fulani leo amechechemea. Fulani amekataa kukamuliwa mpaka ndama wake aletwe. Mwekundu mwenye pembe zilizolegea amempiga teke yule mweusi kwa kosa la mwaka jana. Mama akamkatiza.

"Baba watoto, kwani ng'ombe wa mzee wako wangapi?"

"Ng'ombe hawahesabiwi, mama watoto. Unataka wafe?"

"Sitaki idadi. Nitajie mmoja mmoja tu."

Baba akaanza. Alimtaja kila ng'ombe kwa rangi yake na pembe zake, mama yake ni nani, bibi yake alitoka wapi, amezaa nini, anapenda nini, ana kosa gani. Ugali ukapoa. Mdogo wangu akalala juu ya maganda ya karanga. Alipomaliza Mama alikuwa anamtazama kwa macho ambayo nilikuwa nayaona tu akifika mwisho wa kitabu kizuri.

"Na wewe unasema kichwa chako hakishiki kitu?"

Baba akajiandikisha tena kwa katekista, na kuanzia jioni ile Mama aliwagawia ng'ombe wa Babu mafundisho ya dini. Usiibe ilikuwa yule mweusi anayeingia kwenye mahindi ya watu. Usiseme uongo ilikuwa yule jike anayejifanya hana maziwa, akifunguliwa anamnyonyesha ndama kichochoroni. Utatu Mtakatifu sitasema aliwekwa kwa nani, maana hata Mama mwenyewe alisita hapo, akajiandika ishara ya msalaba kwanza. Mama alishika kijitabu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, anauliza. Baba anafumba macho, anamwona ng'ombe wake anatoka zizini, na jibu linatoka pamoja naye. Tena hakuhitaji mpangilio. Ungeweza kumrukia swali lolote. Ng'ombe hawapotei kwa kuwa umewaita kombo.

Sakramenti saba zilikuwa na ng'ombe wao peke yao, jike mzee wa kijivu, mama wa nusu ya zizi, ambaye Babu alimpa Baba awe wake. Alikuwa na watoto sita na mimba ya saba. Mama aliposikia hivyo alipiga makofi. Ubatizo ukawa yule wa kwanza aliyezaliwa siku ya mvua kubwa, akaangukia majini. Kipaimara ni dume lisilomwogopa fisi. Ekaristi ni jike wa maziwa, huyo ambaye kikombe chake kilikuwa mezani kwetu kila asubuhi. Kitubio ni yule aliyepotea porini akarudi mwenyewe amekonda, anaona aibu. Mpako wa wagonjwa ni yule wa ukurutu aliyekuwa akipakwa samli mwili mzima. Daraja Takatifu, yaani upadre, ni maksai, dume lililohasiwa: anavuta plau, anawafanyia kazi watu wote, mke hana. Na ndoa?

"Ndoa bado iko tumboni," alisema Baba, na wakacheka wote wawili mpaka Mama akashika ukuta. Sijui kama nilishawahi kuwaona wakicheka hivyo kabla ya hapo.

Kwaresima ilipoingia, Bibi akaja na mchele wake, akae nasi mpaka Pasaka. Na unajua mambo ya mkwe: Bibi na Baba hawakuongeleshana ana kwa ana. Neno la Bibi kwenda kwa Baba lilipita kwangu hata kama wote watatu tumesimama mlango mmoja. Siku ya pili tu alimsikia Baba anasema, macho yamefumbwa, kwamba Ekaristi ni yule jike mwenye doa kwenye chuchu. Bibi akaweka chini kikapu.

"Mwambie baba yako," aliniambia, "kwetu Mungu hafungwi zizini."

Nikamwambia Baba, ambaye alishasikia.

"Na mwambie mama yako, yeye ndiye aliyesoma. Yeye ndiye atakayeulizwa."

 Nilimwona Mama amekaa na kijitabu mapajani bila kukifungua, na jioni ile hakukuwa na maswali. Mama aliogopa kweli. Alikuwa mtu wa imani, si mtu wa mzaha na vitu vitakatifu, na alichofanya alikifanya kwa kumpenda mume wake na kuitamani ile meza. Sasa mama yake mzazi anamwambia amemkosea Mungu. Baba ndiye aliyemtia moyo. Alisema kama ni kosa, ng'ombe ni wake, alibebe yeye.

Haikupita wiki mbili, yule jike wa kijivu akazaa na kufa. Baba alirudi siku hiyo bila kupiga kengele. Mvua ilikuwa inanyesha, amelowa chapachapa, na nyuma ya baiskeli hakukuwa na madumu. Kulikuwa na kikapu kikubwa, na ndani yake ndama mwekundu, miguu imekunjwa, anatazama watu. Mama yake alimaliza kumzaa, akamlamba mara moja, miguu ya nyuma ikamwishia nguvu. Babu alisema huyo ndama hatapona kwa kuwa hakuna jike aliyekubali kumpokea. Baba akamleta nyumbani.

Bibi alisimama mlangoni mwa jiko. Hakusema kitu, hata kupitia kwangu, na kimya chake kilitosha. Ng'ombe aliyebebeshwa sakramenti amekufa katikati ya Kwaresima. Nani asingeona mkono wa Mungu hapo? Mama aliona. Alimkumbatia mdogo wetu wa mgongoni na kuniuliza mimi, mtoto, kwa sauti ndogo: "Nimefanya nini?"  Nilimchukia Bibi siku ile kwa moyo wangu wote, Mungu anisamehe na yeye apumzike pema.

Lakini ndama alikuwa na njaa, na njaa ya kiumbe haisubiri watu wakubali. Tulimnywesha kwa chupa, chuchu yake kitambaa safi, maziwa ya yule jike wa Ekaristi. Asubuhi zamu ya Baba, mchana yangu, jioni Mama, mtoto wake mmoja titini na mwingine kwenye chupa, kitabu kimeegemezwa mahali pale pale. Siku za mwanzo alitetemeka tu. Nilikuwa nikitoka shule nakimbia nikidhani nitamkuta amekauka. Ikafika siku nikamkuta anatafuna kona ya kanga ya Bibi kwenye kamba, na Bibi anamfukuza kwa mwiko, ila bila kumpiga.

Baba alirudi kwenye maswali, lakini kitu kilikuwa kimekatika. Majibu mengine yote yalikuwepo. Akifika kwenye sakramenti alinyamaza. Alisema akifumba macho anaona mahali pale zizini patupu, na pakiwa patupu watoto nao hawaonekani. Mama alijaribu kumpa ng'ombe mwingine. Baba alikataa, akasema hawezi kumnyang'anya marehemu watoto wake. Na siku ya maulizo ilikuwa mlangoni.

Ilikuwa asubuhi moja ya wiki ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi. Wakatekumeni walikaa kwenye ukumbi wa mafundisho, madirisha hayana vioo, na sisi tukasimama nje: Mama na mtoto mgongoni, mimi, na Bibi aliyesema amepita tu akielekea sokoni, ingawa soko lilikuwa upande mwingine. Padre alikuwa mzee mwenye miwani mizito, mtu wa maneno machache. Alipofika kwa Baba aliuliza amri. Baba akafumba macho, akazitoa zote, moja baada ya nyingine. Mama akanishika mkono. Akaulizwa Utatu, akajibu. Akaulizwa sala, akasali. Halafu padre akasema:

"Vizuri sana, baba. Sasa tutajie sakramenti za Kanisa."

 Nikasikia kuku wa paroko wanaparura. 

"Umesahau?"

"Sijasahau, Padre," alisema Baba. "Amekufa."

"Nani amekufa?"

"Ng'ombe."

Wakatekumeni wakacheka, na katekista akapiga meza kwa rula. Padre hakucheka. Aliuliza ni ng'ombe gani, na Baba, kichwa chini, akaanza kueleza. Alieleza yote, pamoja na mweusi wa kuiba mahindi. Mama alivuta kanga akajifunika uso. Nilijua anachofikiri: kwamba sasa siri yao imetoka mbele ya padre, na mlango uliokuwa umefungwa kwa komeo utafungwa kwa kufuli. Nilitaka kulia kabla yake.

 Padre akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani:

"Mama amekufa. Na watoto wake?"

"Watoto wapo, Padre."

"Basi nitajie hao."

Baba akainua kichwa. Akafumba macho, na tukamwona uso wake unafunguka. "Wa kwanza aliangukia majini," alisema, "huyo ni Ubatizo." Akaja wa pili, wa fisi. Akaja wa tatu, akaeleza mpaka ladha ya maziwa yake. Wa nne akarudi kutoka porini, wa tano akapakwa samli. Hapo akasimama. Akafumbua macho, akamtazama padre.

"Wa sita?" aliuliza padre.

"Wa sita ni Daraja Takatifu, Padre." Akashusha sauti. "Huyo... samahani sana, Padre. Huyo ni maksai."

Nakwambia, hata kuku walinyamaza. Katekista alifumba macho. Padre alitazama meza, mabega yakaanza kumtikisika, na mara akaangua kicheko kikubwa, kicheko cha mtu aliyekuwa hajacheka tangu masika ya mwaka juzi, mpaka akavua miwani na kujifuta kwa mkono wa kanzu. Ukumbi mzima ukafuata. Bibi peke yake hakucheka, ila nilimwona amegeukia ukuta.

"Endelea," padre alisema alipopata pumzi. "Wa saba."

"Wa saba ni Ndoa. Hakumjua mama yake. Yuko kwangu, anakunywa kwa chupa, tunamlea na mama watoto."

"Na Ndoa ni nini, baba? Sasa niambie bila ng'ombe."

Baba hakufumba macho safari hii. Aligeuka dirishani. "Ni mimi na yule mwanamke pale nje mwenye mtoto mgongoni, mbele ya Mungu, mpaka mmoja wetu afe."

Jibu hilo halikuwa kwenye kijitabu kwa maneno hayo. Mimi nilishakariri kijitabu chote na ninajua. Padre alitikisa kichwa kukubali, akaja mwenyewe mpaka dirishani.

"Wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Ni mimi, Padre," alisema Mama. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Bwana Yesu alifundisha kwa kondoo na mbegu na mitego ya samaki. Mbona hatukusikia kwamba alikuwa na ubao?" Akamwekea mtoto mkono kichwani, akarudi kwa mtu aliyefuata.

Mama alilia hapo hapo, kwa sauti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwenye benchi miaka yote ile. Bibi alimpokea mtoto mgongoni. Tukatembea kuelekea nyumbani, Baba mbele na baiskeli, na tulipofika kwenye kona ya kwetu Bibi akaniita. "Muulize baba yako," alisema, "huyo wa Kipaimara, dume lisiloogopa fisi, limekuwa kubwa sasa?" Baba akajibu kwamba limekuwa kubwa sana, na mama mkwe akipenda atampeleka akalione.

Jumamosi ya mkesha Baba alibatizwa, na Jumatatu ya Pasaka ndoa yao ikabarikiwa pamoja na za watu wengine. Mama alivaa gauni la kuazima, refu kwake, amelikunja kiunoni. Baba alivaa viatu vilivyombana. Wakati wa komunyo walisimama wote wawili. Nilibaki nimekaa na wadogo zangu, benchi likiwa na nafasi kubwa ghafla, na nikamtazama mgongo wake ukienda mbele, taratibu, hauna haraka yoyote. Miezi michache baadaye alisoma somo la kwanza. Alisoma majina yote sawasawa, hata yale ya Agano la Kale yenye mikia mirefu, na mkono wangu ukapumzika.

Sasa ukienda upande ule wa Kabungu zizi la Babu hulioni. Kuna mahindi na nyumba za bati. Maziwa Makanyagio yanakuja na bodaboda, hakuna anayepiga kengele. Baba ametutoka, na hakujifunza kusoma mpaka mwisho. Alisema nyumba moja inatoshwa na msomaji mmoja. Bibi yuko Mpimbwe chini ya udongo wa mpunga. Jumuiya inasoma Biblia kwenye simu, kila mmoja ya kwake, na hakuna anayeombwa asome ili wengine wanyamaze. Sisemi ni vibaya. Nasema tu nimeishi kwenye nyumba ambayo watu walisaidiana kumfikia Mungu kwa kile walichokuwa nacho, na sijaona tena nyumba ya namna hiyo, hata ya kwangu.

Jumanne, siku iliyofuata ile harusi, jua lilipanda na Mama hakuamka. Mama yetu, ambaye tangu nipate akili sikuwahi kumtangulia kuamka, alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, mtoto ameshamtoka mikononi. Baba alikwenda akamtazama, akarudi akarudishia mlango kwa kidole kimoja. Akatutoa uani, akatuambia tucheze mbali. Jirani akaja kutoa hongera na bakuli la maharage, akaona mlango umefungwa na jua liko juu, akashika kifua.

"Jamani, bi harusi anaumwa?"

"Haumwi, mama," alisema Baba kwa kunong'ona, na akampokea bakuli. "Amelala."